Mimba ya wiki 15 na mama mkwe kasema niache mazoezi, niache?

Swali limekuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dada. Nina miaka 29, mimba yangu ya kwanza, wiki ya 15, niko Dar. Kabla ya hapo nilikuwa nakimbia na klabu ya mtaani kwetu kila Jumamosi asubuhi na jimu mara mbili kwa wiki. Mama mkwe kasema nikome kabisa, eti mimba itatoka au mtoto atajiviringisha kitovu, na mume wangu kakaa upande wa mama yake. Mama yangu mzazi alipata sukari akiwa na mimba ya mdogo wangu, ikaisha alipojifungua, ila sasa hivi ana miaka 53 na anachoma sindano. Je niache tu mpaka nimalize kunyonyesha ndo nianze upya? Na haya mazoezi yana faida gani kwangu mimi mwenyewe au ni mambo ya shepu tu?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Jibu fupi ni kwamba usiache. Utapunguza hapa na kubadilisha pale, lakini usiache, labda uwe na mojawapo ya matatizo nitakayoyataja huko mbele. Jibu refu ndo hili, vuta kiti.

Naanza na mama yako mzazi maana umemchomeka pale katikati kama vile hahusiki, kumbe kwangu mimi ndo swali lenyewe. Mimba ikishakua, kondo la nyuma linamwaga homoni zinazofanya insulini ya mama, ile inayotoa sukari kwenye damu kuiingiza mwilini, ifanye kazi kwa taabu, na mwili unafanya hivyo makusudi kabisa ili sukari ikae kwenye damu mtoto ale. Sasa kongosho la mama, ambalo ndo linatengeneza insulini, inabidi liongeze spidi kufidia. Wengi linaweza, wengine linaelemewa, sukari inapanda, tunaita kisukari cha mimba. Akishajifungua kondo limetoka, homoni zimetoka, sukari inashuka, watu wanapiga vigelegele wanasema imeisha. Haijaisha. Kongosho limeshaonyesha kikomo chake kiko wapi, na mwili ukizidi uzito na umri ukisogea, kikomo kile kile kinafikiwa tena safari hii bila mimba. Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi ukaonyesha mwanamke aliyepata sukari ya mimba ana uwezekano kama mara 7 zaidi wa kuja kupata kisukari aina ya 2 kuliko mwenzake ambaye hakuipata, na uchambuzi mwingine wa 2020 kwenye jarida la BMJ ukaisogeza hiyo namba karibu na 10. Mama yako ndo huyo.

Presha nayo ni hivyo hivyo. Aliyepata presha ya mimba ile yenye protini kwenye mkojo, ile inayoweza kufika mpaka kifafa cha mimba, baadaye maishani ana uwezekano kama mara 2 zaidi wa ugonjwa wa moyo na kiharusi, na moyo kushindwa kufanya kazi ni kama mara 4. Mimi ni mfiziotherapia, na wagonjwa wangu nawaambia mimba ni kama mtihani wa mock. Haikupi cheti, ila inakuonyesha ni somo gani utafeli fainali usipojipanga, na fainali yenyewe ni ile miaka ya 45 mpaka 60 ambapo nawapokea wanawake wengi tu wamepooza upande mmoja, nawafundisha kushika kijiko upya, na ukimuuliza historia ya uzazi anakwambia mimba ya pili presha ilinisumbua sana ila ikaisha.

Sasa mazoezi yanaingilia wapi hapo. Msuli ukiwa unafanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini imelegea, una mlango wake wa pembeni tuseme, na mlango ule unabaki wazi masaa kadhaa baada ya mazoezi. Ndo maana kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula, hasa ule mlo wa wali au ugali wa mchana, kuna maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Timu ya watafiti wa Kanada ilikusanya tafiti zote ilizozipata na mwaka 2018 ikatoa majibu kwamba wajawazito waliopewa programu ya mazoezi uwezekano wao wa kupata kisukari cha mimba, presha ya mimba na ile presha yenye protini ulipungua kwa kama asilimia 40 kila kimoja. Hakuna kidonge kinachofanya yote matatu kwa mpigo. Mwongozo wa Kanada ukatoka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) nao wakatoa wao 2020, na wote wanasema kitu kimoja: mjamzito asiye na tatizo afanye angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani nusu saa siku tano, na aongezee mazoezi ya nguvu ya misuli. Wamesema angalau.

Kuhusu faida za baadaye kuna utafiti mmoja naupenda ingawa ni mdogo. Daktari wa Marekani aitwaye James Clapp aliwafuatilia wanawake waliokuwa wanafanya mazoezi kabla ya mimba, wengine waliendelea wakiwa wajawazito na wengine waliacha, akawapima tena baada ya kama miaka 20. Walioendelea walikuwa wameongezeka kilo 3 na kitu, walioacha karibu kilo 10, na vipimo vya moyo na pumzi vya walioendelea vilikuwa vizuri zaidi. Matokeo yalitoka 2008. Usiyabebe kama msahafu, walikuwa wanawake wachache, hawafiki 50, na walijichagulia wenyewe kuendelea au kuacha kwahiyo huenda walioendelea ni watu wa aina nyingine tangu mwanzo. Lakini kuna kitu humo ndani ambacho mimi nakiona kila wiki kazini: anayeacha hasemi naacha moja kwa moja, anasema kama wewe, "mpaka nimalize kunyonyesha". Mimba miezi 9, kunyonyesha miaka 2, hapo mtoto ana miaka miwili na nusu mimba ya pili hii hapa, tunaanza kuhesabu upya. Nina shangazi yangu aliacha netiboli ya kazini kwao "kwa muda" mwaka 1998.

Na mimi mwenyewe niko kwenye hiyo orodha, usidhani nakuhubiria. Mimba yangu ya kwanza nilikuwa nimeshamaliza chuo, fiziotherapia naijua kwa mtihani, na bado nilipoambiwa na wakubwa "kaa mama usije ukaharibu" nikakaa. Nililetewa supu, nikaletewa chapati, nikaongezeka kilo 22. Mtoto alizaliwa salama sikatai. Ila miezi mitano baadaye nilikuwa kwenye sendofu ya wifi yangu, MC kapasua kichekesho, nimecheka na mkojo umetoka, na gauni lilikuwa la satini rangi ya krimu. Nilibaki kwenye kiti mpaka watu wa mapambo wanakunja vitambaa. Mimi! Ambaye kazi yangu ni misuli! Mimba ya pili nilitembea kila siku kutoka kituo cha mbali badala ya kile cha karibu na nikafanya yale mazoezi ya chini nitakayokueleza, na niliongezeka kilo 12.

Haya, hofu za mama mkwe. Kwanza mimba kutoka. Mimba changa zinazotoka, karibu nusu au zaidi ni kwa sababu mtoto hakuumbika sawa kwenye kromosomu tangu siku ya kwanza, hakuna kulala kitandani kungeiokoa. Wale wale Wakanada waliangalia pia kama mazoezi yanaongeza mimba kutoka, hawakuona uhusiano. Na kitovu kujiviringisha shingoni: hilo linatokea kwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne au watano, kwa mama anayekimbia na kwa mama anayelala, kwa sababu mtoto mwenyewe ndo anaogelea mle ndani na kamba ni ndefu. Wengi wanazaliwa mkunga anaitoa tu shingoni kama mkufu na maisha yanaendelea. Kwahiyo mama mkwe hana kosa, amekuambia alichoambiwa, ila si kweli.

Hata madaktari nao walikuwa na zama zao za uoga. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa wanawake cha Marekani kilisema mjamzito mapigo ya moyo yasizidi 140 kwa dakika na mazoezi makali yasizidi dakika 15. Mwaka 1994 wakaifuta hiyo 140. Lakini mpaka leo utakutana na mwalimu wa jimu anakwambia 140, aliisikia kwa mtu aliyeisikia kwa mtu. Na zaidi ya hapo moyo wa mjamzito unapiga haraka hata akiwa amekaa, damu imeongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, kwahiyo kuhesabu mapigo kunakudanganya. Tumia mdomo. Ukiwa unatembea au unakimbia na unaweza kuongea na mwenzako sentensi nzima ila huwezi kuimba, hapo ndo penyewe. Ukianza kujibu "ndio" na "hapana" tu, umezidisha. Ukiweza kuimba taarabu mpaka mwisho, unazurura.

Sasa wewe hasa. Kukimbia umekuzoea, endelea, ila kaa kundi la nyuma la klabu yenu, lile la wanaobadilishana kukimbia na kutembea. Dar unaijua, Februari saa mbili asubuhi jua limeshakuwa la kukaanga, na joto kali si zuri kwa mtoto hasa miezi hii ya mwanzo, kwahiyo toka saa kumi na mbili na nusu, saa moja na nusu uwe umerudi, na chupa ya maji mkononi. Usitoke na njaa, chai na kipande cha kiazi kinatosha. Kuna siku, kwa wengi ni kuanzia mwezi wa sita hivi, nyonga itaanza kulalamika, pale mbele kwenye mfupa wa kinena au nyuma kwenye makalio, kwa sababu homoni zinalegeza maungio yajiandae. Siku hiyo kukimbia kumeisha, unahamia kutembea haraka, na hujafeli chochote. Wengine hawafiki hapo kabisa wanakimbia mpaka mwezi wa nane. Usijipime na wanariadha, maana najua mtu atakutumia video ya Alysia Montaño akikimbia mita 800 mwaka 2014 mimba ya wiki 34, yule ni mtu wa mashindano na ana timu nyuma yake. Kama unataka wa kumtazama mtazame Faith Kipyegon wa hapo Kenya, alijifungua 2018, akachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo 2021 na Paris 2024 na rekodi za dunia hapo katikati, na anayedhani uzazi unamaliza mwili wa mwanamke amuulize yeye.

Jimu pia endelea lakini mambo kadhaa yabadilike. Kuanzia sasa hivi ulipofika, kulala chali muda mrefu acha, mfuko wa uzazi unakalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, utasikia kizunguzungu, yale ya chali yafanye umeegemea au umelala ubavu. Usibane pumzi unaponyanyua, toa hewa wakati wa kunyanyua. Vitu vya kuanguka au kupigwa tumboni ondoa, baiskeli ya barabarani, mpira, kuruka kwenye maboksi. Ukikosa hela ya jimu mwezi ule, kiti cha plastiki kinatosha: simama mbele yake, shuka taratibu kama unakaa, makalio yakigusa tu nyanyuka, mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Halafu ukuta, weka viganja, sogea nyuma hatua moja, usukume kama unasukuma gari lililozima. Mgongo utakushukuru mwezi wa nane.

Halafu yale ya chini, na hapa ndo watu wote wanaona aibu kwahiyo ngoja niandike wazi. Chini ya nyonga kuna misuli imetandazwa kama machela, imebeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa, na mimba inaikalia miezi yote. Ili uipate, fikiria uko kwenye daladala imejaa, umesimama, na ushuzi unataka kutoka. Unavyobana hapo, ukibana na kama unavuta juu ndani, bila kukaza mapaja, bila kukaza makalio, bila kubana pumzi, ndo yenyewe. Bana, hesabu mpaka 10 ukiweza, ukianza utaishia 3 au 4 ni sawa, achia kabisa, kupumzisha ni muhimu sawa na kubana, rudia mara 8 mpaka 10, na hiyo mizunguko mitatu kwa siku. Malizia na kubana haraka haraka. Usiwe unafanyia mazoezi chooni kwa kukata mkojo katikati, jaribu mara moja tu kujua msuli uko wapi, zaidi ya hapo unavuruga kibofu. Mimi nawaambia wamama wafunge na kitu wanachofanya kila siku, ukipiga mswaki, ukisubiri maharage, foleni ya benki. Karibu mwanamke mmoja kati ya watatu anavuja mkojo baada ya kujifungua na wengi wananyamaza miaka na miaka wanadhani ndo ukubwa, wanaacha kwenda msikitini, wanaacha kwenda kwenye ngoma, wanakataa kuruka na watoto wao. Ukianza sasa wakati bado huvuji unaupunguza sana uwezekano wa kuwa mmoja wao. Na kuvuja kidogo ukicheka si sawa na fistula, ile ya mkojo kutoka muda wote bila kuzuilika baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo ni hospitali moja kwa moja na inarekebishika, pale hospitali ya CCBRT hapo Dar wamefanya kazi hiyo miaka mingi.

Kuna jambo lazima niligusie maana najua litaulizwa: mbona wanawake wa vijijini wanachota maji mpaka siku ya uchungu na wanazaa? Ni kweli wanazaa, na pia wanaumia, tofauti ni kwamba hakuna anayewauliza. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani, kupanda mlima, kila siku, bila siku ya kupumzika na mara nyingi damu yenyewe ni pungufu. Mazoezi ni kitu unachochagua kipimo chake na unaacha ukichoka, ndoo haikuulizi. Kwahiyo ukisimama dukani masaa kumi jioni usihesabu umefanya mazoezi, miguu imechoka ila moyo haujafanya kazi yoyote. Kaa, nyanyua miguu, halafu katembee.

Damu nimeitaja, na isikupite hivi hivi. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa 2015 na 2016 ulikuta kama asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Hapo ndo mazoezi yanageuka mateso, unapanda ngazi kumi moyo unapiga kama umeiba. Kabla hujaongeza spidi hakikisha wingi wa damu umepimwa kliniki, vidonge vya FEFO vya kuongeza damu unameza kweli na si kuvihifadhi kabatini (naijua hiyo, vinatia kichefuchefu, meza usiku baada ya kula), vidonge vya SP vya kukinga malaria unapewa, na chandarua unalalia. Mjamzito mwenye malaria hana kazi na mazoezi, apone kwanza.

Na ukienda hiyo kliniki, omba kitu kimoja kwa mdomo wako mwenyewe, usisubiri kuulizwa. Sema mama yangu alipata sukari ya mimba na sasa ana kisukari, naomba kipimo cha kunywa glukosi. Sehemu nyingi wanachovya kijiti kwenye mkojo wanakwambia uko sawa, kijiti hakitoshi kwa mtu wa historia yako. Kipimo chenyewe ni cha wiki 24 mpaka 28, unaenda hujala, wanakutoa damu, unakunywa gramu 75 za glukosi, tamu mpaka inakera, wanatoa damu tena baada ya saa moja na masaa mawili. Wakikwambia kwao hakipo waulize kipo wapi, na wapime hata ile ya asubuhi kabla ya kula, ikifika 5.1 (mmol/L) au kuzidi hilo linahitaji daktari.

Sasa wale wasiofanya. Kama una damu inatoka ukeni, maji ya chupa yanavuja, umewahi kuambiwa shingo ya kizazi imelegea au imeshonwa, kondo limekaa chini limeziba mlango na mimba imeshapita miezi sita, uchungu umekuja kabla ya wakati, presha ya mimba yenye protini, mimba ya watoto watatu, ugonjwa wa moyo au mapafu wa kueleweka, au damu imeshuka sana, hapo mazoezi yanasimama mpaka daktari wako aseme. Mwenye seli mundu naye asianze bila kuongea na daktari anayemfuatilia. Na hata aliye mzima, akiwa katikati ya mazoezi akaona damu, maji, kichwa kinamgonga, maruwaruwa machoni, kifua kinabana, tumbo linakaza kwa mpangilio, au mguu mmoja umevimba na kuuma nyuma ya goti, anaacha hapo hapo na anaenda hospitali, si kesho.

Baada ya kujifungua. Siku arobaini zetu mimi sina ugomvi nazo, kupumzishwa na kulishwa ni jambo zuri sana na wenzetu wengi duniani wanatamani wangekuwa nalo. Ila kupumzika si kulazwa. Siku ile ile au kesho yake unaamka unatembea kwenda bafuni na kurudi, damu isigande miguuni, na ile misuli ya chini unaanza kuibana taratibu maumivu yakiruhusu, hata kama umeshonwa. Mkaja ukitaka kufunga funga, unasaidia mgongo kujisikia umeshikwa, lakini haukati tumbo, na ukiufunga mpaka unahema kwa shida unasukuma kila kitu chini kwenye ile machela niliyokuambia. Maji ya moto ya kukandwa yawe ya uvuguvugu, nimeona ngozi zilizobabuka. Kutembea kwa umbali anza wiki za mwanzo tu ukijisikia, aliyefanyiwa operesheni anyanyue mtoto tu kwa wiki 6 za kwanza na si ndoo. Kukimbia, wafiziotherapia wa Uingereza waliandika mwongozo 2019 kwamba mtu asikimbie kabla ya wiki 12, na mimi naukubali, na hata hizo 12 zikifika, kwanza ruka ruka mara kumi ukiwa na kibofu kimejaa kidogo, ukivuja, bado, njoo tukusaidie. Maziwa hayaharibiki kwa mazoezi wala hayawi ya moto, nyonyesha tu, na kunyonyesha kwenyewe kunapunguza uwezekano wa mama kuja kupata kisukari. Na kama ile glukosi itaonyesha sukari ya mimba, rudi upimwe tena kati ya wiki 6 na 12 baada ya kujifungua, halafu kila mwaka. Hicho ndo kipimo ambacho hakuna mtu atakukumbusha kwa sababu kila mtu atakuwa anamshangaa mtoto.

Limebaki la nyumbani. Usiende kubishana na mama mkwe na karatasi mkononi, utashinda hoja na utapoteza nyumba. Wazee wetu wenyewe mwezi wa tisa wanasema "tembea tembea mwanangu uchungu uje vizuri", kwahiyo kutembea hawakatai, wanakataa kitu wanachoita mazoezi. Usilitumie hilo neno. Sema mama naenda kutembea, twende wote, na mumeo abebe maji. Nina mgonjwa wangu mmoja mama mkwe alianza kumsindikiza kwa kumlinda asikimbie, sasa mtoto ana miaka mitatu na bibi mwenyewe presha yake imeshuka mpaka daktari kampunguzia dozi moja. Na mumeo muulize kwa upole tu, mbona kutembea barabara ya lami ni hatari ila bodaboda ya kwenda kliniki, ile inayoruka matuta, anakuitia yeye mwenyewe kila mwezi.

Jumamosi hii nenda. Ukifika pale wanapoanzia mwambie kiongozi wa klabu una wiki 15, ili akikuona nyuma asikupigie filimbi.